Ngazi Moja na Mama Mkwe

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, wewe Khisa na wewe Namalwa, mniache niseme mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa maana daktari wa hospitali ya Nsambya aliponiruhusu nirudi nyumbani hapa Kamwokya, Kampala, hakunificha kitu, na mimi si mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Nilitaka kufa kwa utulivu. Hata hilo mmeninyima, na kesho ni Ijumaa, siku ya mwisho tuliyopewa na jiji kutoa jibu.

Kibanja hiki, kipande changu cha ardhi, nawaachia nyote wawili, sawa kwa sawa, na atakayemwambia Namalwa kwamba mwanamke harithi atakutana na mzimu wangu. Nilikipata vita vya themanini na sita vilipoisha, bonde hili likiwa matete na vyura, na marehemu mama yenu akabeba mawe ya msingi kichwani huku wewe Khisa ukiwa mgongoni. Sasa tazameni. Vyumba vimebanana hata Barnabé, mpangaji wetu, akipiga chafya kwake, mimi huku namwambia pole. Mvua ikinyesha maji ya vyoo yanaingia mlangoni. Na ukuta wetu umepigwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Maafisa wa jiji walikuja kwenye mkutano wakasema wazi: unganisheni vibanja vyenu viwe ardhi moja, mjengewe nyumba ya ghorofa nne, mwenye kibanja apate makao yake na mpangaji apate chumba, na nafasi itakayobaki ipitishwe mtaro na barabara. Lakini mkubali wote, kwani hata mmoja akikataa mpango umekufa, na tingatinga linakuja. Tukabishana mpaka makoo yakakauka, maana ahadi za ofisini tumezila miaka mingi na hazijatushibisha, na mimi mwenyewe nilimuuliza afisa maswali hadi akalegeza tai. Mwishowe watu wakakubali mmoja mmoja, hata Olweny, ambaye tumegombania mtaro tangu ana nywele nyeusi. Mwambieni nimemsamehe, ingawa mtaro ulikuwa wangu.

Wakabaki wawili tu: wewe, Khisa, na mama mkwe wako Nerima, jirani yetu.

Ulisema ngazi ni moja, na sisi Wabukusu mkwe hakutani na mama mkwe ngazini bega kwa bega, wala halali juu ya kichwa chake, wala haaniki nguo zake za ndani mahali mama huyo atakapopita. Naye Nerima akasema vilevile, amekupa mgongo, leso usoni. Afisa akadhani ni mchezo, akasema basi mmoja ahamie ghorofa nyingine. Kumbe ngazi ni ileile! Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tangu umwoe Nasike mmeishi ukuta kwa ukuta na mama yake na hamjatazamana usoni hata mara moja. Yeye akienda bombani wewe unajibanza nyuma ya choo, nami nilijivunia, nikisema mwanangu ana adabu.

Juzi uliniambia mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, mwanangu. Lakini huyo mama utamheshimu mkiwa wapi, chini ya daraja? Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wameshafika, wale wenye magari meusi wanaouliza bei ya bonde zima. Jamani! Barnabé alikimbia vita Kongo na watoto wake mikononi, leo nimwambie akimbie tena kwa sababu ya ngazi? Naogopa, wanangu. Sioni aibu kusema, naogopa kufa nikiwaacha barabarani.

Sikieni sasa. Kwetu mwiko huu hufunguliwa na baba wa kijana, naye awe hai, na wakwe wote wawili wakae mbele yake. Hiyo nayo ni mila, sikuitunga leo. Nikishakufa hakuna wa kuufungua, kwa sababu ndugu zangu wote wametangulia.

Namalwa, maji kidogo... basi, yatosha.

Nani anakohoa huko nje? Nerima? Amesimama mvuani tangu asubuhi, akingoja Khisa atoke ndipo aingie kuniaga? Mungu wangu! Hapana, Khisa, usiinuke. Kaa. Nimesema kaa! Namalwa, mfungulie mlango, umpe kigoda hapo, karibu na kaka yako.

Karibu, mama. Umelowa. Teremsha leso, tafadhali, ninakuomba mimi ninayekufa. Khisa, inua uso. Huyu ndiye aliyemzaa Nasike wako. Mama, huyu ndiye anayewalisha wajukuu zako.

Mnizike Kimilili, kwa baba yangu. Msinizike hapa, msije mkaacha kaburi kwenye njia ya msingi. Kesho nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, wote wawili, mkubali mbele ya watu. Mungu awape paa... awape watoto wanaolala pakavu... mkipishana ngazini, msalimiane. Mwiko nimeufungua. Mimi Khaemba... nimeufungua.

Mpe mkono, Khisa. Mama ameshanyoosha wake, anangoja. Macho yangu... sioni tena vizuri. Mmeshikana? Namalwa, niambie. Wameshikana?