Anachonga kwa Mawazo

Kijiwe kile ni ubao mmoja juu ya matofali, mkabala na kinyozi, na wanaoukalia wanajua kila kitu isipokuwa pa kwenda. Alasiri hiyo Patasi alirudi kutoka chuo cha sanaa, alikokwenda kumsikiliza mama mmoja, mchongaji maarufu, akizungumza na umma. Yeye mwenyewe huchonga majina kwenye mawe ya makaburi, mwaka wa ishirini na sita huu, na tangu mwezi jana vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi: chombo anakiona mkononi ila hakisikii. Hajamwambia mtu, hata mkewe. Alikwenda kule na swali moja tu, akarudi kama gunia la saruji lililonyeshewa.

— Lete habari, msomi, alisema Meya, fundi viatu asiyewahi kugombea hata ujumbe wa mtaa. Mama wa watu kasemaje?

— Kaongea saa mbili. Wanafunzi wanamuuliza tundu la kwenye sanamu lina maana gani.

— Tundu ni tundu, aliamua Wakili, muuza vocha aliyesomea sheria mdomoni mwake.

— Nami nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, mama, mikono ikichoka unafanyaje?

— Ukambana!

— Kacheka. Eti, "Siku hizi nachonga kwa mawazo, mikono ni ya vijana wangu sita." Ukumbi mzima makofi. Wengine wakaandika.

Vijana sita! Patasi ana shemeji mmoja, na huyo akishika nyundo, marehemu anabadilika jina.

— Hapo pana siri, alisema Meya, akijimiminia kahawa ya wenzake. Wale vijana wakilala, yeye anawaingia ndotoni. Wakiamka, jiwe lina pua.

— Jiwe gani? Wakili akadakia. Ule ni unga, bwana! Unamwagia maji, unapata mtu mzima. Ndiyo maana wahenga wakasema mkono mtupu haulambwi.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Wenye unga si unalambwa?

Meya akaona anazidiwa.

— Basi niwaambie ukweli. Yule mama alishakufa zamani. Aliyehutubia ni sanamu yake. Na wanafunzi hawakuogopa kwa sababu kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

— Alikunywa maji, alisema Patasi kwa uchovu.

— Sanamu ngapi zinatema maji? Itashindwa kunywa?

Wakacheka hadi kinyozi akachungulia. Patasi akasubiri watulie.

— Jamani, hivi vidole vyangu...

— Vidole vyako ni mali ya taifa! Kunywa kahawa.

Akanywa.

Ndipo akaja dada mmoja, macho yamevimba, karatasi mkononi.

— Hamjambo, kaka zangu? Namtafuta anayechonga majina.

— Umefika, dada! Meya akasimama kabisa. Ndiye huyu. Akikuchongea, marehemu mwenyewe anaamka kujisoma.

— Ni la mama. Nataka herufi ndogondogo, zenye mikia, kama mwandiko wake. Akaikunjua karatasi, akamtazama Patasi. Utaweza, kaka?

Meya akamwangalia Patasi, akisubiri majigambo. Hayakuja. Wakili akanyanyua birika la kahawa. Lilikuwa tupu, hapakuwa na hata cha kumimina.

— Niwie radhi, dada, alisema Patasi, akaipokea karatasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki pajani.