Makala Iliyotajwa Kuliko Zote

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mama yetu mke wa Profesa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa maabara mliojibanza karibu na meza ya vyakula mkidhani hatuwaoni: habari za mchana!

Nimeombwa nimuage Profesa wetu anayestaafu leo, mtu ambaye akisifiwa huanza kujikuna. Mheshimiwa Mkurugenzi ametueleza kwa fahari kwamba makala ya Profesa kuhusu dawa ya vimelea imetajwa na watafiti wenzake maelfu ya mara, kuliko makala yoyote iliyowahi kutoka katika taasisi hii. Mmepiga makofi, na mimi nimepiga. Lakini Mheshimiwa, kwa heshima zote, umewahi kusoma hao wanaomtaja wanasemaje?

Wanasema amekosea.

Ndiyo, ndugu zangu. Profesa wetu anatajwa duniani kama anavyotajwa alfajiri jirani mwenye jogoo. "Tumeijaribu dawa hiyo, hatukuona kitu." "Kinyume na alivyodai." Na wa kwanza kuandika hivyo nilikuwa mimi, mwanafunzi wake.

Alinipa kazi ya kurudia jaribio lake. Nikarudia, vimelea havikufa. Nikarudia tena, vikazidi kunenepa. Nililia kwenye korido, maana shahada yangu ilingoja saini ya mtu yule yule niliyetakiwa kumwambia kwamba makala iliyompa jina haina ukweli. Nani kati yenu angethubutu?

Nikaingia ofisini kwake. Akaniuliza swali lake la siku zote, "Ushahidi uko wapi?" Nikamwonyesha. Akakitazama kikombe chake cha chai.

"Siku zile maziwa yangu nilikuwa naweka kwenye friji ya maabara," akasema. "Chupa za vimelea nilizotia dawa zilikuwa mbele, pale pale kwenye maziwa."

"Na zisizo na dawa?"

"Nyuma kabisa, kwenye baridi." Akashika kichwa. "Kila nikitaka chai nafungua mlango, za mbele zinapata joto, na vimelea vile joto huviua. Mama wee! Vimelea havikuuawa na dawa. Viliuawa na chai yangu!"

Lile bango la kupiga marufuku vyakula kwenye friji za maabara, mlidhani limetoka wapi?

Nikangoja kufukuzwa. Akasema, "Andika. Jina lako litangulie."

"Na wewe, Profesa?"

"Niweke mwisho. Kwenye kosa nilishatangulia."

Msione tunacheka, jambo lile lilimgharimu. Alikuwa anatazamiwa kupewa ukurugenzi, na makala yetu ilipotoka, kiti kikamponyoka. Ndiyo, Mheshimiwa, hicho hicho ulichokalia. Ukikinusa vizuri utasikia maziwa. Mimi nikapata shahada, nikapata kazi, na leo nina maabara yangu. Nampenda mzee huyu, na nayasema haya mbele ya mke wake bila hofu.

Sasa sikilizeni ya wiki hii. Nina mwanafunzi ambaye akiniona kwenye korido anatumbukia stoo. Nikamuuliza Profesa, binti huyu nimemkosea nini?

"Hujamkosea," akasema. "Ana majibu yanayoipindua makala yako, ile unayojivunia. Anaogopa kukwambia, ndiyo maana akaja kwangu." Kisha akacheka mpaka mama akamnyang'anya kikombe.

Mimi sikucheka. Niliumia, tena sana. Makala ile ndiyo cheo changu, ndiyo inayofanya nialikwe huku na kule. Nikamwomba binti kazi yake, nikaipekua kutwa nzima nikitafuta kosa, nikitamani liwepo. Nikakagua hata friji yake! Humo hamna hata tone la maziwa. Kazi yake ni safi.

Tangu hapo sijamjibu, naye hajala vizuri. Profesa, ulinifundisha mengi ambayo nimeyasahau, lakini hili nimelishika, na zawadi yangu ya kukuaga ni kulisema hadharani, ili kesho nisije nikajitia kusahau.

Binti yangu, wewe uliyejificha nyuma ya nguzo na sahani mkononi, toka hapo tukuone. Andika. Jina lako litangulie.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Chai iko tayari, na maziwa, nimehakikisha mwenyewe, yametoka jikoni.