Mwalimu Josephat Rwehumbiza na Mtumbwi Wake wa Tanga

Tumsifu Yesu Kristo. Wasifu huu ninausoma mimi, Prudencia, binti yake wa kwanza, hapa Kigongo, leo Jumanne tarehe 10 Februari 2026.

Marehemu Mwalimu Josephat Rwehumbiza alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1956 huko Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa tatu wa wakulima wa migomba na kahawa. Alimaliza shule ya msingi kijijini mwaka 1971, kisha akaja Mwanza kusomea useremala. Shangazi Josepha anasema alipanda meli na sanduku alilolitengeneza mwenyewe, na kifuniko chake kilikataa kufunga.

Kuanzia 1979 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha useremala katika karakana moja ya Mirongo, mjini Mwanza. Wanafunzi wake mpo wengi hapa. Mnajua alivyokuwa mkali kwa anayepigilia msumari kabla ya kupima, na jeneza mlilomtengenezea angelizunguka mara mbili asione pa kulikosoa.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na Wilhelmina Nkwabi, fundi cherehani wa Kisesa. Alikuwa amempelekea suruali moja kupunguza mara nne, mpaka Mama akamwambia kitambaa kimeisha, aseme anachotaka.

Baada ya kustaafu walihamia hapa Kigongo. Baba na Fundi Shimba, muunda mitumbwi wa hapa, wakaunda mtumbwi wa futi kumi na nne, na Mama akashona tanga kwa cherehani iliyoshona sare zetu za shule. Watu walimuuliza Baba mbona haufungii mtumbwi injini. Alijibu kwamba mtumbwi mdogo wa tanga anaujua wote, msumari kwa msumari, na ukiharibika hamsubiri mtu. Daraja lilipofunguliwa mwaka jana, watu wakawa wanafika Busisi, ng'ambo ya ziwa, kwa dakika chache. Yeye alivuka kwa tanga kwa zaidi ya saa nzima, akarudi akitamba kwamba amewahi. Kila mwaka aliupandisha mtumbwi nchi kavu, akaukwangua, akaziba maungio kwa pamba iliyochovywa mafuta. Kisha aliujaza mawe na kuuzamisha kwenye maji mafupi siku tatu, ili mbao zilizokauka zivimbe na kubanana. Kabla ya hizo siku tatu hapandi mtu, hata Paroko alikataliwa.

Agosti 2025 Baba alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Sisi watoto, kwa nia njema, tuliupandisha mtumbwi uani na kuufunika kwa mabati. Ulikaa pale miezi sita ukikauka, naye akiuangalia kutoka kwenye kiti. Mwezi wa kwanza mwaka huu alianza kukataa chakula. Aliniomba kitu kimoja tu, avuke mara moja tena nikiwa naye. Nikaomba ruhusa kazini.

Ninayosoma sasa hayamo kwenye karatasi mlizonazo.

Fundi Shimba alimaliza kuziba pamba Alhamisi jioni. Aliniambia niuzamishe siku tatu, nikamwambia aende nyumbani, kazi hiyo nimeikulia. Lakini siku tatu zingeishia Jumapili, na Jumapili nilikuwa na safari ya kurudi kazini. Sikuuzamisha. Jumamosi asubuhi niliumwagia maji kwa ndoo ili uonekane umelowa. Baba aliletwa ufukweni, akaupapasa kwa mkono wa kushoto.

"Mmeulowesha siku zake?"

"Ndiyo, Baba."

Hakuuliza mara ya pili. Miaka yote hakuwahi kunikuta na uongo.

Tulipoondoka maji yaliingia kidogo, nikawa nayachota kwa kopo huku yeye akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Agosti. Katikati upepo uliulaza mtumbwi. Mbao za juu, zilizokuwa kavu kabisa, zikaingia majini, na maji yakapita kwenye kila ungio. Tulizama, tukabaki na dumu moja tupu la kushikilia. Baba alilisukuma kwangu kwa ule mkono wake mzima.

"Shika wewe, mama," alisema.

Wavuvi walitutoa wote wawili. Baba alifariki tukiwa njiani kwenda hospitali, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, saa tano na nusu asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa.

Tangu siku hiyo inasemwa kwamba Shimba alimuua Mwalimu kwa kazi mbovu. Jumapili aliambiwa aondoke msibani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua chache tu, nikasikia kila neno, nikainamisha kichwa. Naona aibu isiyo na mahali pa kuiweka. Pamba ya Shimba ilikuwa sawa, na maagizo yake yalikuwa sawa. Aliyemdanganya Baba ni mimi.

Marehemu ameacha mjane, Wilhelmina, ambaye anayasikia haya kwa mara ya kwanza pamoja nanyi. Nisamehe, Mama, kila nilipokukaribia katika siku hizi tatu maneno yaligoma. Ameacha watoto wawili, mimi na Pius; wajukuu wanne; na dada yake, Josepha. Ameacha pia rafiki yake, Fundi Shimba, ambaye amesimama kule nyuma ya michongoma kwa sababu yangu. Mfungulieni njia. Mama akishaweka udongo, wa pili aweke yeye, na mimi niwe wa mwisho.

Baba apumzike kwa amani ambayo mimi sina.