Namba Niliyoitangaza Mwenyewe

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kunipa nafasi kabla ya chai, maana chai ikishaingia hakuna anayemsikiliza mzee. Ninyi mnaojiandaa kwenda Saudia, nawaona pale nyuma na simu zenu, ninyi ndio niliokuja kuongea nanyi. Mliorudi mtanisahihisha nikikosea. Majina ya watu sitayataja. Mwenye kosa katika habari hii ni mmoja, na ndiye huyu mnayemwona amesimama.

Wengi mnanijua kwa kipaza sauti. Nilikuwa na pikapu kuukuu yenye spika juu, na mazishi, harambee na mikutano ya siasa ya wadi hii nilitangaza mimi. Kaunti zilipoanza, mama mmoja wa hapa kwetu, mwalimu, akachaguliwa kuwa mwakilishi wetu wa wadi. Akanikodi nitangaze jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa mwanasiasa. Kila Jumamosi angekaa ofisini na ustadhi anayejua Kiarabu, na yeyote anayepelekwa Saudia aje na mkataba wake asomewe kabla hajatia sahihi. Tena akatoa namba ya simu yake mwenyewe, si ya karani. Nilizunguka nikiiimba namba ile mpaka watoto wakawa wanaiimba wakiruka kamba.

Sasa sikieni. Wakati huohuo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaongea na ajenti. Umri wangu ulikuwa unakaribia ule wanaoukataa, nikaona nikichelewa mlango utafungwa. Siku ya baraza, mama yule alipomaliza kueleza, nikakishika kipaza sauti changu nikasema mbele ya watu wote: "Mheshimiwa, wewe safari yako ndefu ni ya Nairobi. Sisi tunapanda ndege. Unataka tusomewe kama watoto wa nasari?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye akacheka kidogo, halafu akasema, "Sawa, mzee wangu. Nenda salama. Mambo yakigeuka huko, namba unayo."

Mambo yaligeuka wiki ya kwanza. Niliahidiwa kuendesha lori la kampuni. Nilipofika Riyadh nikajikuta dereva wa nyumbani: asubuhi watoto shuleni, mchana madam sokoni, jioni kungoja nje ya maduka ya Al-Sulimaniyah huku wenyewe wakila. Pasipoti alichukua kafili, yaani yule bosi ambaye kibali chako cha kukaa kinasimama kwa jina lake. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga. Alikuwa mtu wa kusema "bukra," kesho, na kesho yake haikufika.

Je, niliwaambia watu wa nyumbani? Nawaambia ukweli, nilipiga picha nimeegemea gari kubwa la bosi nikaituma kwenye kundi la simu la wadi. Mtu wa Saudia akisema neno katika kundi lile, lilikuwa na uzito. Nami nilisema mengi. Ijumaa nilikuwa naenda Al-Shumaisi, kwenye chumba cha Wakenya wenzangu, tunapika ugali, na mimi nimeshika simu nakohoa kabla ya kurekodi. Vijana walinibatiza jina. "Nyamazeni, Mbunge wa Shumaisi anahutubia taifa!" Mmoja, dereva kama mimi, aliniuliza, "Mzee, wewe hata ruhusa ya kwenda msalani unaomba. Hao watu unawashauri nini?" Nikamwambia anyamaze achochee ugali.

Yule mama alikuwa amepeleka hoja katika bunge la kaunti kuhusu wafanyakazi wa ng'ambo, akaambiwa hiyo ni kazi ya serikali kuu, arudi kwenye mitaro na taa za barabarani. Akasema kama kazi iko Nairobi ataifuata Nairobi. Akagombea ubunge. Na mimi, niliyekuwa nahitaji mbunge kama yule kuliko mtu yeyote katika wadi ile, nilituma sauti kila Ijumaa nikiwaambia watu wasimpe kura. Nilisema mwanamke huyu anataka kutufungia njia ya riziki. Alishinda hata hivyo.

Sasa niwaambie habari ya mke wangu.

Sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Kwenye sauti alizonirekodia kwa simu hakuwa akilalamika, alikuwa ananihesabia vinavyobaki. "Leo nimeuona mparachichi, lakini matunda yake sikuyaona." Baadaye, "Mjukuu amekuja, nimeona gauni, sura nimeisikia tu." Nilikuwa nikimsikiliza ndani ya gari nikingoja madam, na akimaliza kusema narudisha sauti ileile mwanzo, si kwa ajili ya maneno. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mlango wetu wa jikoni unaolia, na redio ya jirani, na mara moja mvua juu ya bati. Mvua ile niliisikiliza mpaka simu ikazima. Nje ya kioo kulikuwa na jua na vumbi, na mimi pua yangu inatafuta harufu ya udongo uliolowa.

Siku moja akasema, "Baba, kama unakuja, njoo ningali nakuona."

Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Nilimwendea kafili, nikamwambia mke wangu anapofuka. Akaweka mkono kifuani, akasikitika kwa kweli, akasema, "Bukra, inshallah. Kwanza nipate dereva mwingine." Bila muhuri wake wa kutoka nchini, ule tunaouita huruji, uwanja wa ndege haukupitishi. Badala ya kunirudisha nyumbani akanipeleka Jeddah, mtaa wa Aziziya, nimwendeshe mama yake mzazi.

Wenzangu wa Shumaisi wakaniambia kwa simu, "Si umpigie mbunge wenu? Wa kwetu hashiki simu, wenu anashika." Nikawaambia sina namba.

Ndugu zangu, sikuwa na namba? Niliyeiimba barabara nzima? Ilikuwa imekaa kichwani kuliko tarehe ya ndoa yangu. Lakini kila nilipoibonyeza, nikifika tarakimu ya mwisho nasikia kicheko cha baraza, nazima. Miezi ilipita hivyo. Mke wangu alikuwa akipoteza mwanga, na mimi nalinda heshima.

Ndipo katika nyumba ile ya Aziziya akaletwa dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ndani. Siku ya kwanza ya kushusha mizigo pamoja alinitazama sana.

"Mzee, kwani wewe si yule wa spika?"

Nikamwambia ndiyo, zamani.

Akaweka gunia la mchele chini. "Uwii! Mimi ni wa kule ng'ambo ya mto. Wewe ndiye ulinitoa!" Akanieleza kwamba nyumba ya kwanza aliyofikia walimfungia ndani na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Siku moja akapata simu ya madam kwa muda mfupi. "Namba ya mama yangu nilisahau kwa woga. Nikakumbuka ile yako. Niliiimba na sauti yako hivi, na madoido yako yote." Akaiimba. Mbunge alishika simu, ubalozi ukafuatilia, akahamishiwa nyumba hii.

Nikakaa juu ya lile gunia. Akaniuliza, "Na wewe je, amekusaidia?" Nikamweleza kwa nini sijapiga. Hakunihurumia hata kidogo. "Mzee, heshima shughuli yake ni ipi hapa Jeddah? Hapa hata mbuzi wa sikukuu ana karatasi kuliko wewe. Piga." Akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nikabonyeza tarakimu ya mwisho.

Ilishikwa. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni..."

"Sauti hii naijua," akasema. "Hii imenitukana Ijumaa nyingi sana."

Nikaanza kuomba msamaha, nikalia, mzee mzima. Akasema: "Mzee wangu, hayo tutaongea ukija. Sasa hivi nitumie picha ya ikama yako, hicho kibali cha kukaa, na jina la kafili. Na uniambie mkataba uliisha lini. Aliyenipigia kura na asiyenipigia, simu hii haijui."

Msidhani aliamuru nikapanda ndege. Kazi yake niliijua kuanzia hapo, na ni kazi ya kuchosha. Alikwenda wizarani akakalishwa kwenye benchi. Aliuliza swali bungeni kuhusu sisi tuliomaliza mikataba, na waziri akajibu kwamba suala linashughulikiwa. Akauliza tena. Wenzake wa chama wakamnunia. Kila wiki alimpigia afisa wa ubalozi kule Riyadh, naye ananipigia, "Mbunge wako hanipi usingizi, tumepiga hatua moja." Mwisho afisa akaketi na kafili ofisi ya kazi, kafili akapiga muhuri, na akanikumbatia pale uwanja wa ndege kana kwamba ni yeye aliyependa niende.

Nilifika hapa asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Mke wangu alikuwa ameketi nje ya jikoni. Nilikuwa nimevaa shati alilonishonea siku ya kuondoka, makusudi. Nikasimama mbele yake, kimya, nikitaka anione mwenyewe.

Akainua uso, akasema, "Nani huyo ananizibia jua?"

Kwa hiyo nilirudi, lakini sikuwahi. Daktari hakuniambia ni mwezi gani taa ile ilizimika, wala sikumuuliza. Miezi yangu ya kuzima simu naijua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mheshimiwa, ambaye nilipokwenda kumwomba msamaha alinijibu, "Pikapu bado inatembea?" Namshukuru yule dada, angali Jeddah, mumwombee. Namshukuru mke wangu, yule pale mbele mwenye leso ya kijani. Siku hizi rangi namchagulia mimi, naye hunishuku kwamba nadanganya.

Ninyi wa nyuma, Jumamosi ustadhi yupo, pelekeni mikataba. Namba nitaiimba nje tukinywa chai, muishike kichwani, maana simu huchukuliwa. Na mkifika huko mambo yakageuka, halafu mkaona aibu kupiga, nipigieni mimi niwapigie. Yangu yote nimeimaliza leo hapa mbele yenu.