Pacha wa Pili Kamtangulia wa Kwanza

Mle ndani ya treni mchomeleaji alijifanya amelala ili asikie vizuri. Baba wa pacha alikuwa amembana fundi wa kompyuta za hospitali.

"Cheti kinasema wa pili kazaliwa kabla ya wa kwanza. Sasa mkubwa amwamkie mdogo?"

"Kaka, mashine iliyomwandika wa pili inataja majira ya saa ya nchi kwa herufi tatu tu, na nchi mbili zinazitumia hizo hizo. Ikachukua saa za nchi ile ya mbali, zilizo nyuma ya zetu."

"Irekebishe."

"Haifunguki. Wabadilishieni watoto majina, ni rahisi zaidi."

Mchomeleaji akafumbua jicho moja, maana usingizi una mipaka.

"Bwana fundi," baba wa pacha akasema, "saa hiyo ya cheti mke wangu alikuwa nyumbani anafua. Huyu mtoto kazaliwa na nani?"

"Hilo waulize idara ya uzazi," alisema fundi, na treni ikasimama.