Pikipiki Iliyoibiwa na Kuzama

Benchi la Mzee Mahamudu liko nyuma ya soko la Kasongo, limeegemea ukuta wa duka la betri, na mguu wake mmoja ni tofali. Mzee anauza kahawa ya tangawizi na anabania sukari mpaka wakamwita Sukari Kidogo, jina ambalo halimsumbui hata chembe. Asubuhi ile Hemedi, dereva wa pikipiki asiye na pikipiki, alikaa pale roho juu. Pembeni yake alikaa Gérard, wakala wa asiransi, yaani bima, kutoka Kindu, suruali imepigwa pasi, karatasi mbili magotini. Zote mbili zilikuwa na jina la Hemedi.

— Hii uliiletea kampuni yetu, alisema Gérard. Inasema tukutuku yako iliibiwa kule kivuko cha Luama. Hii ingine uliwapa chama cha wavushaji. Inasema ilizama. Siku ile ile, saa ile ile.

— Ndiyo, Papa.

— Sasa iliibiwa ao ilizama?

Hemedi hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomuuma. Wiki tatu nyuma alifika kivukoni akaacha ufunguo kwenye pikipiki, kama wafanyavyo wote pale, ili mvushaji aipakie mtumbwini wakati mwenyewe anakula. Alipomaliza ugali, pikipiki hakuna, mvushaji hakuna. Watoto waliokuwa wakioga wakamwambia imeingia majini. Mama muuza mihogo akamwambia mtu ameipanda akaondoka nayo. Aliwaamini wote. Asiransi inafidia kilichoibiwa, chama kinafidia kilichozama, akaomba huku na huku. Tangu siku ile mkewe, Rachida, alikuwa amerudi kulima mashamba ya watu, na Hemedi alikuwa hawezi kumtazama usoni.

— Haki unayo, alisema Gérard. Lakini haki ni moja. Leo unatia sahihi kwa karatasi moja, ingine unaipasua mbele yangu. Ukisha kuchagua, hakuna kurudi nyuma.

Ayoubu, aliyekaa mwisho wa benchi, akakohoa. Huyu alifagia mahakama miaka kumi na miwili, akatoka na jina la Maître, kama wakili. Karatasi zote mbili aliziandika yeye, kwa vikombe viwili vya kahawa.

— Bwana Gérard, hazipingani. Iliibiwa kwanza, kisha ikazama. Mwizi hakujua kuogelea.

— Basi mwizi njo aende kudai kwa chama.

— Ao ilizama kwanza, alisema Pitchou, anayeitwa Radio kwa sababu hazimiki. Wakaiibia chini ya maji. Watu wanapiga mbizi mule kutafuta zahabu, tukutuku itawashinda?

— Mi naona iko na magurudumu mawili, alisema Sukari Kidogo. Ya mbele iliibiwa, ya nyuma ilizama. Kila mutu alipe ya kwake.

— Na injini? aliuliza Radio.

— Injini tugawanye.

Maître alilipima jambo hilo kwa uso mzito, akaomba kalamu. Hemedi akamwahi. Chama kingempa pikipiki iliyotumika, asiransi ingempa mpya. Akaipasua karatasi ya chama, akatia sahihi kwenye ile ya wizi.

— Muzuri, alisema Gérard. Kuanzia sasa mwizi ni wetu. Tukimupata, tunamupeleka polisi.

Hapo ikaingia pikipiki, matope mpaka taa, kuku amefungwa kwenye usukani. Aliyeiendesha alishuka akasalimia kila mmoja kwa mkono.

— Miye Faradji, natoka Kabambare. Bibi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa kule Luama. Mvushaji akatupandisha tukutuku ya mutu, akatuvusha kwa maji madogo, akampeleka mpaka hospitali. Kisha mvua ikabeba daraja la njiani, tukakwama mpaka juzi. Mvushaji iko na homa, njo maana amenituma. Jina la mwenye tukutuku halijui, anajua tu anakunywa kahawa hapa. Tulisema mutoto tumupe jina lake, na kuku huyu ni yake. Tukutuku hii ni ya nani?

Radio alitazama mawingu. Gérard alimtazama Faradji, kisha sahihi ambayo wino wake haujakauka. Hemedi aliyaona matope kwenye miguu ya yule baba, akaona haya.

— Ni yangu, alisema. Mi njo nilikuazimisha, kaka. Umesahau?

Faradji akafungua mdomo. Maître akamkanyaga mguu.

— Sijasahau, alisema Faradji.

Gérard alirudisha kalamu mfukoni. Kisha akamnyooshea Hemedi karatasi.

— Pasua mwenyewe.

Hemedi akaipasua. Sukari Kidogo akamtilia vijiko viwili vya sukari bila kuombwa.

— Na jina? aliuliza Faradji. Ni mutoto mwanamuke.

— Mumuite Rachida.

Hemedi hakuimaliza kahawa. Alimpa Maître kuku amshikie, akawasha pikipiki, akaenda kumtoa mkewe katika shamba la watu.