Kopo la Ziada la Mwalimu Evarista

Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, tangu kikombe cha kwanza hadi masimbi ya kahawa, kwa hiyo asinibishie mtu aliyekuwa amelala. Asubuhi ile kwenye benchi la Bushiri muuza kahawa, Mtaa wa Sikukuu, Polycarp alifika amefura kama andazi. Wanamwita Jumla, kwa sababu anauza mabeseni kwa jumla na hukasirika kwa jumla. Bintiye Vicky, wa darasa la tano, alikuwa amejifungia stoo ya duka la babake, hapo nyuma ya benchi, katikati ya ndoo, hataki shule. Saa nne kulikuwa na somo la sayansi, na kila mtoto alitakiwa aonyeshe maharage aliyoyaotesha mwenyewe kwa siku kumi. Vicky hakuwa na hata punje iliyolowana.

— Nasikia jana jioni! alifoka Jumla. Nikamnunulia kilo tatu, daraja la kwanza. Analia! Eti hayajaota! Sasa nani anauza yaliyoota?

— Hii ni Kariakoo, bwana, akasema Sadalla, fundi cherehani waliyembatiza Kesho, maana suruali yako kwake siku zote iko tayari kesho. Hapa ukitaka jino la mamba unalipata kabla chai haijapoa. Ukikosa kitu, ujue kuna mtu kakificha.

— Kaficha mwalimu! akasema Jumla.

— Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame, akadakia Zakayo, dalali wa fremu za maduka aitwaye Kamusi. Maana yake mwalimu ainame kwanza, atuulize wazazi kama tuna nafasi.

— Sema tena, Kamusi! akachochea Kesho.

— Siku kumi! Jumla akapiga paja. Mimi mzigo ukishuka leo, kesho umeisha. Huo ndio mpango. Wa siku kumi ni mpango wa mtu asiye na kazi!

— Nyie hamwoni mbali, Kesho akashusha sauti. Haya yanapangwa na watu wa maofisini, Posta. Wanataka watoto wetu wapende kilimo, wahame mjini, fremu zibaki wazi, wazichukue wao.

— Weee! akashangaa Kamusi.

— Wameanza na maharage. Mwakani mihogo. Mtanikumbuka.

Jumla aliyaamini yote. Lakini kila kwikwi ya Vicky ilipopenya mlango wa stoo, alipandisha sauti ili asiisikie.

Ndipo akafika dada mmoja, kabeba katoni.

— Shikamooni. Samahani, duka la Baba Vicky ndilo hili? Mimi ni Mwalimu Evarista.

Hakuna aliyekumbuka kuitikia marahaba.

— Ndiye wewe! Jumla akaunguruma. Kwa nini usituambie mapema?

— Niliwaandikia barua wiki mbili zilizopita, baba. Vicky alisema alikupa mkononi, ukiwa hapa kijiweni.

— Barua gani?

Mwalimu aliinama, akachungulia uvunguni mwa benchi.

— Basi hii karatasi yenye muhuri wa shule, iliyokunjwa chini ya mguu wa benchi, ni ya nini?

Kamusi alitazama kikombe. Kesho alitazama mtaa. Bushiri alijitia kupuliza makaa. Wote walikumbuka siku ile benchi lilivyokuwa likiyumba, na nani alikunja nini.

Mwalimu akaichomoa. Benchi likalala upande, Jumla chini, kahawa juu yake.

Akafungua katoni, akatoa kopo la maziwa lenye miche minne ya maharage, kijani kabisa.

— Hili la Vicky. Michoro ya siku zilizopita hana, hizo alama atazikosa. Ila atasimama na wenzake.

— Umejuaje kama hana?

— Sikujua, baba. Kila mwaka huotesha kopo moja la ziada.

— La mtoto yupi?

— Huwa simwoteshei mtoto. Namwoteshea mzazi.

Mlango wa stoo ukafunguka taratibu.

Nawaapia, hayo yote ni kweli. Isipokuwa benchi halikumwangusha mtu. Hapo nilimsukuma mimi, kwa maneno tu, kwa hasira zangu. Jumla alibaki amekaa vilevile, barua mkononi, anaisoma tarehe.